Niuze Maksai au Nisubiri? Historia Fupi ya Kusubiri Uhandisi

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, kazi za gazeti zinajua kummeza mtu. Leo nimerudi na jambo ambalo halikuanzia kwenye chumba cha habari. Limeanzia Unyambwa, nyumbani kwetu Singida, kwa simu ya mzee wangu.

Alipiga saa kumi na mbili asubuhi. Mzee hana kawaida ya kupiga mapema hivyo, kwa hiyo niliipokea moyo ukinidunda. Baada ya salamu ndefu za kwetu (mvua, mifugo, majirani, mgonjwa wa nyumba ya pili) akaingia kwenye hoja:

"Mwanangu, wewe ndiye unakaa na watu wa habari. Hebu niambie, niuze maksai sasa hivi au nisubiri?"

Niwaeleze kisa chenyewe. Mdogo wangu wa kike alifanya mtihani wa kidato cha sita mwezi Mei, mchepuo wa PCM. Matokeo yalitoka Julai: Fizikia B, Kemia C, Hisabati C. Daraja la kwanza, pointi 8. Kijiji kizima kilikuja kunywa chai. Akaomba uhandisi mitambo katika vyuo vitatu. Ukimuuliza kwa nini mitambo, anakuonyesha kwa kidole mashine ya kukamua alizeti iliyo karibu na kwetu. Beringi ikifa pale, watu hukaa na magunia yao siku nne, tano, wakimngoja fundi kutoka mjini. Anasema amechoka kumngoja fundi. Anataka awe yeye.

Sasa ni Agosti. Majibu ya vyuo bado. Mzee ana maksai wawili, jozi moja ya plau, na mnunuzi wa mnadani amekuja na bei nzuri. Akiuza mmoja, jozi imekufa, na mvua za kupandia zikija itabidi akodi maksai wa watu au ashike jembe la mkono, naye umri umekwenda. Asipouza, halafu binti akachaguliwa, nauli ya kilomita kama 700 hadi Dar es Salaam, ada, godoro na chakula cha wiki za mwanzo vitatoka wapi? Alizeti ipo ghalani, ila kuiuza wakati kila mtu anauza ni kuitupa. Na akimuuza maksai, kisha jina lisitoke je?

Sikuwa na jibu. Nikamwambia, "Baba, nipe siku mbili." Akacheka akasema, "Hata wewe unataka tusubiri!"

Katika hizo siku mbili nilifanya kile ninachokijua: nikauliza watu na kusoma. Nikagundua kwamba huku kusubiri kwa mdogo wangu kuna historia, na historia yenyewe inasema mengi kuhusu nchi yetu. Haya, twende pamoja.

Wakati mlango ulikuwa Nairobi

Babu yangu alikuwa akituambia kwamba utotoni mwake neno "injinia" lilikuwa na maana ya Mzungu mwenye gari na vijiti vya kupimia barabara. Hakuwahi kuwaza kwamba ni kazi ya kuombwa na mtoto wa Kinyaturu. Hakukosea sana. Kabla ya uhuru, Tanganyika haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Kulikuwa na shule za ufundi kama Ifunda na Moshi, zilizotoa mafundi wazuri wa useremala, uashi na vyuma. Fundi ni mtu wa maana sana, lakini aliyechora na kusaini ramani alitoka kwingine.

Mwaka 1956 kilifunguliwa Nairobi chuo kilichoitwa Royal Technical College, na hapo ndipo uhandisi wa Afrika Mashariki ukapata makao. Chuo chetu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, kikiwa na wanafunzi 14 tu, wote wa sheria, ndani ya jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Mwaka 1963 vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vikaunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na nchi zikagawana kazi. Aliyetaka udaktari alielekea Makerere. Sheria ilikuwa Dar es Salaam. Uhandisi ulikuwa Nairobi.

Kwa hiyo kijana wa Singida wa mwaka 1964 aliyetaka kuwa mhandisi alipaswa kwanza kuwa mmoja wa wachache waliopata sekondari (mkoa wa Singida wenyewe ulikuwa umezaliwa mwaka 1963 tu), kisha kuwa mmoja wa wachache zaidi waliofika kidato cha sita, halafu kuvuka mpaka. Ukifika hapo, kusubiri kwako hakukuwa na presha ya ada. Serikali ilikuwa na njaa ya wasomi. Mpango wa Miaka Mitano wa 1964 hadi 1969 uliweka lengo kwamba ifikapo 1980 nchi ijitosheleze kwa wataalamu wake. Katikati ya miaka hiyo ya 1960 serikali ilimlipia mwanafunzi, naye akaweka saini kwamba akimaliza ataitumikia serikali kwa miaka mitano.

Ona hapo, msomaji. Mlango ulikuwa mwembamba kama tundu la sindano, lakini ukishapita hakuna aliyekuuliza kama baba yako ana maksai.

Deni la msomi

Hiyo saini haikuwa karatasi ya bure. Nyuma yake kulikuwa na wazo kwamba aliyesomeshwa na wakulima ana deni kwa wakulima. Mwaka 1966 wazo hilo liligongana na wasomi wenyewe. Serikali ilitaka wahitimu wa elimu ya juu waingie Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili: miezi mitano kambini, na miezi 18 kazini kwa asilimia 40 ya mshahara. Wanafunzi wakagoma, na tarehe 22 Oktoba 1966 wakaandamana mpaka Ikulu. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, kisha akawafukuza chuo karibu wanafunzi 400, na hapo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi walirudishwa baadaye.

Watu wengi husimulia kisa hicho kama kisa cha siasa. Mimi nakiona pia kama sehemu ya habari yetu ya udahili, kwa sababu tangu hapo swali la "nani aingie chuo kikuu" liliacha kuwa swali la maksi peke yake. Likawa pia swali la tabia. Je, huyu tunayemsomesha atatukumbuka?

Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjika mwaka 1970 na kila nchi ikabaki na chake. Dar es Salaam ikapata chuo kikuu chake tarehe 1 Julai 1970, lakini bila uhandisi! Kwa miaka mitatu mingine kijana wetu aliendelea kuutafuta Nairobi au ng'ambo. Kitivo cha Uhandisi kilifunguliwa Mlimani mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, kikianza na ujenzi, mitambo na umeme. Masomo yalikuwa ya miaka minne, na mwanafunzi alipelekwa viwandani na kwenye miradi kufanya mazoezi ya kazi. Mwaka huo huo wa 1973, mwezi Novemba, likaundwa Baraza la Mitihani la Tanzania, baada ya nchi kujitoa mwaka 1971 kwenye baraza la mitihani la Afrika Mashariki. Yaani katika mwaka mmoja tulipata mtihani wetu na kitivo chetu. Mlango ukahama kutoka Nairobi kuja Dar es Salaam.

Ungedhani sasa mambo yamenyooka. Subiri kidogo.

Mjomba na barua mbili

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma. Azimio la Musoma linakumbukwa zaidi kwa kuamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto aende shule ya msingi. Lakini lilikuwa na upande wa pili ambao vijana wa leo hawaujui. Liliamua kwamba mtu asitoke kidato cha sita na kwenda chuo kikuu moja kwa moja. Aende kwanza JKT mwaka mmoja, kisha afanye kazi miaka isiyopungua miwili, na akiomba chuo alete mapendekezo kutoka kwa mwajiri wake na kutoka tawi la chama mahali pake.

Mjomba wangu alimaliza kidato cha sita mwaka 1975. Nilimpigia simu juzi kwa ajili ya makala hii. Sasa ni mzee wa kufuga kuku na kusikiliza redio, lakini fizikia yake haijatoka kichwani. Nikamuuliza, "Mjomba, ninyi mlisubirije?"

Akanijibu, "Sisi hatukusubiri mpwa wangu, sisi tulifanyishwa kazi ya kusubiri."

Alikwenda JKT, akaenda kazini katika ofisi moja ya umma, akaambiwa afanye kazi vizuri atapewa barua. Katibu wa tawi alimwandikia bila taabu kwa kuwa hakukosa mkutano wala kazi ya kujitolea. Barua ya mkuu wake wa kazi ndiyo iliyochelewa. Mkuu alihamishwa, aliyekuja hakumjua, akamwambia, "Acha kwanza nikuone." Akaonwa mwaka mzima. Alipoipata barua alikuwa na mke, mtoto mmoja na mshahara uliolisha watu tisa. Fomu aliijaza, lakini hakuituma. Nilimuuliza kama ana kinyongo. Akanyamaza, kisha akasema lile azimio halikuwa baya, kwa kuwa yeye mwenyewe aliona wenzake waliofika chuoni wakiwa wamekomaa na wanajua wanachokitafuta. "Tatizo," akasema, "ni kwamba mtu wa miaka ishirini na moja anaweza kusubiri. Mtu mwenye mtoto hawezi."

Sentensi hiyo niliiandika kwenye daftari na kuipigia mstari.

Serikali nayo iliona kasoro. Wasichana wakawa wanapotea njiani, maana miaka mitatu ya kusubiri katika umri huo mara nyingi ilimalizikia kwenye ndoa na malezi. Basi wao wakasamehewa mapema ile miaka miwili ya kazi, na masharti mengine yakaendelea kulegezwa hatua kwa hatua hadi utaratibu wa kwenda moja kwa moja uliporudi. JKT ya lazima nayo ilisimama mwaka 1994, kisha ikarejeshwa mwaka 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita. Lakini sasa haimrudishi mtu nyuma miaka mitatu.

Baba mdogo na gazeti la juzi

Hapa nafika kwenye kipindi ambacho taaluma yangu inahusika. Miaka ya 1990 majina ya waliochaguliwa chuo kikuu yalitoka magazetini. Kurasa na kurasa za herufi ndogo kama mtama, majina na namba. Mkaazi wa Dar es Salaam alinunua gazeti asubuhi akajua kabla ya chai. Singida gazeti lilikuja kwa basi, nalo basi lilikuja likitaka. Gazeti la leo kwetu lilikuwa gazeti la juzi.

Baba yangu mdogo aliomba uhandisi ujenzi katikati ya miaka hiyo. Anasema kwa wiki tatu alikuwa akipanda baiskeli kutoka Unyambwa kwenda mjini kila alasiri, anasimama mlangoni kwa mtumishi mmoja aliyekuwa akinunua gazeti, anaomba kulipitia. Siku orodha ilipofika, ukurasa wenye herufi ya jina lake ulikuwa umechukuliwa na mtu mwingine mwenye jina la herufi hiyo hiyo! Alilala na swali lake hadi kesho yake. Jina lilikuwepo.

Nyumbani walifurahi usiku mmoja. Asubuhi wakaanza hesabu, kwa sababu nchi ilikuwa imebadilika. Tangu mwaka 1992 serikali ilikuwa imeanza utaratibu wa kuchangia gharama za elimu ya juu, na mwaka 1994 ikaja mikopo badala ya ile posho ya bure. Babu aliuza ng'ombe wawili. Mmoja alikuwa nauli, godoro, sufuria na kitabu cha hisabati. Wa pili ulikuwa muhula wa kwanza wenyewe. Baba mdogo leo ni mhandisi wa barabara. Kila tukipita kwenye lami ya Manyoni anatutajia unene wa tabaka zake, hata kama hatujamuuliza.

Watu wa ukoo wanamkumbuka kama yule aliyefaulu. Mimi, nikizilinganisha habari za hao wawili, naona kitu kingine. Mjomba alizuiwa na muda. Baba mdogo angezuiwa na fedha kama si wale ng'ombe wawili. Hapo katikati, bila kelele, mlango ulikuwa umehama tena. Safari hii haukuhama mji.

Kompyuta ya taifa

Miaka ya 2000 vyuo viliongezeka. Mbali na Mlimani na Sokoine ya Morogoro vikaja vya binafsi, na mwaka 2007 kikaanzishwa Chuo Kikuu cha Dodoma. Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam na chuo cha ufundi cha Mbeya, ambacho kilikuja kuwa chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, zikatoa shahada za uhandisi. Mlimani wakawa na mpango wa kuwanoa wasichana kabla ya kuanza uhandisi, kwa sababu darasa lilikuwa la wavulana watupu au karibu na hapo. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya 2004 ikaanza kazi Julai 2005, na mwaka huo huo ikazaliwa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU.

Milango ilipokuwa mingi, mtu mmoja alijaza fomu tano, akachaguliwa na vyuo vitatu, akaenda kimoja, nafasi mbili zikabaki wazi wakati mwingine analia nyumbani. Ndipo kwa mwaka wa masomo 2010/11 TCU ikaleta udahili wa pamoja. Mwombaji aliingia mara moja, kwa intaneti au kwa simu ya mkononi, akapanga machaguo yake, na mfumo ukamtafutia mahali. Kwa mtoto wa Unyambwa hili lilikuwa jambo kubwa. Hakuhitaji tena kusafiri kufuata fomu wala kuvizia gazeti la mtu.

Malalamiko yalikuwa upande mwingine: waombaji kujikuta wamepangiwa kozi au chuo kisicho chaguo lao la kwanza. Mwaka 2017 Rais John Magufuli akasema wanafunzi waachwe wachague vyuo wenyewe, na tangu mwaka wa masomo 2017/18 tukarudi kwenye kuomba chuo kimoja kimoja. TCU ikabaki kuweka vigezo, kupanga awamu za udahili na kuhakiki. Aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hutumiwa namba ya siri kwenye simu, aitumie kuthibitisha anakokwenda kabla tarehe haijapita.

Mimi nimeonja utaratibu huo. Niliomba uhandisi mwaka 2018. Msicheke! Kigezo cha chini ni pointi 4 kwa masomo mawili yanayohusika na kozi, na kwa uhandisi masomo hayo ni Fizikia na Hisabati. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Fizikia nilipata D, Hisabati E. Piga hesabu mwenyewe. Nilipungukiwa pointi moja, na bado niliomba, nikasubiri wiki nne nikidhani huenda kompyuta itanionea huruma. Kompyuta haina mjomba. Kemia ilinibeba pamoja na Fizikia nikapata nafasi kwenye uandishi wa habari, na ndiyo maana leo mnanisoma hapa badala ya kunikuta chini ya daraja nimevaa kofia ngumu. Sijutii. Ila najua zile wiki nne zilivyo. Simu ikilia tu unashika kifua, kumbe ni kampuni ya simu inakukumbusha bando.

Muhuri ule ule

Sasa turudi kwa mdogo wangu. Utaratibu wake ni rahisi kuliko wa wote waliomtangulia. Alikwenda steshenari mjini, kijana mwenye kompyuta akamsaidia kujaza, ada ya maombi ikalipwa kwa simu. Hakuvuka mpaka kama kijana wa 1964. Hakusubiri miaka mitatu kama mjomba, na hajapanda baiskeli kufuata gazeti. Hata ada ya kidato cha tano na sita ilikuwa imefutwa mwaka 2022, jambo ambalo lilimpumzisha mzee sana.

Lakini kuna karatasi moja iliyonigusa. Ili aombe mkopo alipaswa kuhakikiwa cheti cha kuzaliwa, kisha fomu ipigwe muhuri na serikali ya mahali anapoishi, kisha iende kwa wakili au hakimu. Nilipokuwa namsikiliza akinieleza hayo kwenye simu, nikamkumbuka mjomba na katibu wa tawi. Mwaka 1977 ulikwenda ofisini kwa viongozi wa mahali pako wathibitishe kwamba una tabia njema. Leo unakwenda ofisi ya aina ile ile wathibitishe kwamba kwenu hamna uwezo. Muhuri upo vile vile, swali ndilo limebadilika. Zamani nchi ilimuuliza kijana, "Utatufaa?" Siku hizi inamuuliza, "Utalipaje?"

Simaanishi kwamba ya zamani yalikuwa bora. Yalihusu watu wachache mno, na chama kilikuwa na nguvu juu ya ndoto za watu kuliko inavyofaa. Simaanishi pia kwamba Bodi isiulize, kwani fedha ni za umma na waombaji ni wengi. Ninachosema ni kwamba tumejisifu kwa kufungua mlango wa kwanza, ule wa jina kuchaguliwa, na kweli tumeufungua. Mlango wa pili, ule wa kumudu kwenda, umebaki nyuma yake, na majibu yake huja baadaye. Majina ya vyuo huanza kutoka mwishoni mwa Agosti au Septemba. Majibu ya mikopo huja kwa mafungu karibu na Oktoba, vyuo vinapokaribia kufunguliwa au vikiwa vimeshafunguliwa. Katikati ya majibu hayo mawili kuna wiki kadhaa, na ni katika wiki hizo ndipo maksai wanapouzwa kwa bei ya haraka, alizeti inatolewa ghalani kabla ya wakati wake, na shamba linawekwa rehani.

Mwenye mshahara hazioni kabisa wiki hizo. Mkulima wa Unyambwa anazilipia. Ni kusubiri kule kule alikosema mjomba: yupo anayeweza na yupo asiyeweza.

Je, haiwezekani majibu haya mawili yakaja siku moja? Mtoto aambiwe: umechaguliwa chuo fulani, na mkopo wako ni kiasi hiki, jiandae kwa kilichobaki. Taarifa zake zote zipo tayari, matokeo yapo Baraza la Mitihani, cheti kimehakikiwa, muhuri umepigwa. Kwa wale waliofanya vizuri kupindukia katika sayansi kuna Samia Scholarship iliyoanza mwaka wa masomo 2022/23, na hiyo ni hatua njema, inawagusa hasa wanaotaka uhandisi, tiba na teknolojia. Lakini hao ni vinara wa nchi nzima. Mdogo wangu mwenye B na C mbili si kinara wa taifa. Ni mtoto hodari wa kawaida, na mashine za alizeti za nchi hii zitatengenezwa na watoto hodari wa kawaida.

Jibu kwa mzee

Siku ya pili jioni nilimpigia mzee kama nilivyoahidi. Nikamweleza kwamba kwa matokeo yale nafasi ya binti ni nzuri, vigezo amevipita kwa pointi 3 za ziada, na kama awamu ya kwanza haitampa, ipo awamu ya pili. Nikamwambia asimuuze maksai. Baba mdogo na mimi tutachangia nauli na godoro, na mjomba amesema ana kuku thelathini ambao hawana kazi maalumu. Ada itabidi tuilipe kidogo kidogo huku tukisubiri majibu ya mkopo.

Mzee akakaa kimya kidogo. Kisha akaniuliza, "Na mkopo usipokuja?"

Nikamwambia ukweli, kwamba hapo sijui.

"Basi," akasema, "mnunuzi nimemwambia arudi mnada wa mwezi ujao. Nimemwambia na mimi nina mtu nasubiri jibu lake."

Binti mwenyewe nilisikia sauti yake nyuma, alikuwa anapepeta uwele. Nikaomba nizungumze naye. Nikamuuliza kama analala usiku. Akasema analala, ila simu anaiweka chini ya mto, na mara mbili ameota meseji imeingia akaamka akakuta ni giza tu. Nikamwambia hata mimi niliota hivyo mwaka 2018. Akanijibu, "Kaka, wewe ulikuwa unaota tu. Mimi nina pointi."

Nimenyamaza. Ana haki yake.

Wasomaji, hapo ndipo tulipo. Wapo wengi wenye mdogo, mtoto au jirani ambaye usiku huu ameweka simu chini ya mto. Msiwaambie tu "vuta subira." Waulizeni kusubiri kwao kunagharimu nini, na nani nyumbani anakulipia. Jibu likiingia Unyambwa nitawajulisha.

Wasalaam.